Laptopu ya zamani inastaki na kujizima: nianze na SSD, RAM, au nitafute nyingine?

Swali: "Fundi shikamoo. Nina stationery ndogo hapa Kahama, natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mikopo na ajira mtandaoni. Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G1, i5, RAM 4, HDD 500, Windows 10, niliinunua mtumba 2019. Sasa hivi inachukua kama dakika saba kuwaka, nikifungua Word na Chrome pamoja inaganda, na kwa siku ile skrini ya bluu inatokea mara mbili tatu, mara inaandika KERNEL DATA INPAGE ERROR, mara MEMORY MANAGEMENT. Umeme ukicheza kidogo tu inazima maana betri ilishakufa. Fundi mmoja kaniambia niongeze RAM iwe 8, mwingine kasema niweke SSD, wa tatu kasema niiuze spea. Nina laki mbili na nusu. Nianzie wapi?"

Marahaba dada yangu, na pole, najua foleni ya wateja wakikuangalia huku kile kiduara kinazunguka tu inavyochosha.

Kabla sijagusa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) wala SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), kuna swali hao mafundi watatu hawajakuuliza: kazi zako zimekaa wapi? Kama ziko kwenye hiyo HDD, yaani diski yako ya sasa, peke yake basi leo hii, kabla hujafunga duka, tafuta fleshi kubwa au HDD ya nje uzitoe. Sababu ni hiyo KERNEL DATA INPAGE ERROR. Windows ilikuwa imeweka kipande cha kazi yake kwenye diski, ikarudi kukichukua, ikakikosa au ikakikuta kimeharibika, ikashindwa kuendelea, ikaanguka. Mara nyingi mwenye kosa ni diski yenyewe, mara chache ni RAM mbovu au pale diski inapochomekea pamelegea. Ukijumlisha na hizo dakika saba za kuwaka, na betri iliyokufa, na umeme unaokatika diski ikiwa katikati ya kuandika, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni HDD.

Namna ya kutoa: usichague kila kitu ukabonyeza kopi ukaenda kunywa chai. Anza na folda za kazi za wateja na fomu zako, kisha Desktop na Downloads maana najua watu wa stationery kila kitu kinaishi Downloads, kisha picha, muziki na muvi mwisho kabisa au achana nazo. Faili likigoma na kopi ikasimama, liruke, endelea na mengine, utalirudia baadaye kama diski bado iko hai. Na tafadhali, kabla hujamaliza kutoa vitu usipige chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows) wala usifanye defragi (kupanga upya vipande vya mafaili) hata kama mtu kakuambia inatibu, zile kazi zinaizungusha diski mgonjwa kwa masaa na nimeona zaidi ya moja ikikata roho katikati ya hayo "matibabu". Ukiweka sikio karibu na pale kiganja cha mkono kinapokaa ukasikia tik… tik… tik… kwa mpangilio kama saa ya ukutani, zima palepale, usijaribu tena, mpelekee fundi anayejua kuokoa data.

Haya, tuseme vitu vimetoka. Sasa tutenganishe magonjwa maana umeyaandika yote kwenye sentensi moja, na ndiyo maana kila fundi kakamata lake. Uzito ni ugonjwa mmoja, kuanguka ni mwingine. RAM kidogo inaleta uzito, ila RAM kidogo iliyo nzima haitakiwi kukuletea skrini ya bluu mara tatu kwa siku. Kwa hiyo aliyekuambia uongeze RAM iwe 8 hakukosea kuhusu uzito, lakini ungetoa hela, ungeweka, na kesho yake skrini ya bluu ingekusalimia kama kawaida. Nawapata wateja wa namna hiyo kila mwezi, kabadilisha kitu kizuri kwa tatizo ambalo halikuwa hapo.

Kipimo cha kwanza ni cha diski na ni bure. Pakua programu inaitwa CrystalDiskInfo, ifungue, juu itaandika hali ya diski kwa rangi, bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni msiba. Usiishie kwenye rangi. Shuka chini kwenye ile orodha utafute mistari mitatu, 05, C5 na C6, halafu angalia safu ya mwisho kulia yenye tarakimu nyingi. Zikiwa sufuri tupu, nzuri. Mstari wa 05 unahesabu sehemu za diski zilizokufa zikabadilishwa na za akiba, C5 ni zile ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado inazisikilizia, C6 ni zile ilizopima yenyewe ikashindwa kabisa. Mimi C5 ndiyo inanitisha kuliko zote kwa sababu hizo ndizo zinazofanya mashine igande sekunde ishirini halafu izinduke kama hakijatokea kitu: diski inarudia kusoma sehemu hiyohiyo tena na tena, na Windows inaisubiri. Kuna na C7, hiyo ikiwa na namba kubwa inayoendelea kupanda mara nyingi kosa liko kwenye kiunganishi kati ya diski na ubao, kuchomoa na kuchomeka vizuri kunaweza kumaliza habari.

Kama Windows haikai hata dakika kumi, HP wameweka kipimo chao ndani ya mashine. Zima, washa huku unagonga Esc, ikija menyu bonyeza F2, tafuta kipimo cha diski, chagua kile kirefu. Ikisema FAILED inakupa na namba ndefu ya kosa, piga picha na simu.

Kipimo cha pili ni cha RAM, kwa sababu MEMORY MANAGEMENT nayo umeitaja na siwezi kuipuuza, ingawa diski mbovu inaweza kuileta pia. Hapa nakushauri MemTest86, unaiweka kwenye fleshi, unawasha kompyuta kupitia fleshi hiyo kwa kubonyeza F9, kisha unaiacha usiku kucha. Toleo la bure linazunguka mara nne na kusimama. Umeme ukikatika usiku utalazimika kuanza upya lakini hamna kingine kitakachoharibika, haigusi diski yako kabisa. Asubuhi ukikuta kosa hata moja, moja tu, hiyo RAM au hiyo sloti ina shida. RAM haina mambo ya "makosa machache sio mbaya", biti moja ikigeuka mahali pabaya Windows inaanguka, au mbaya zaidi haianguki, inakuandikia faili la mteja likiwa bovu na unakuja kugundua wiki mbili baadaye.

Ukikuta makosa usikimbilie dukani. Zima, toa chaja, toa betri, toa kijiti cha RAM, kisafishe ile miguu ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu, pangusa vumbi la kifutio, kirudishe, pima tena. Bado? Kihamishie sloti ya pili, pima. Makosa yakikifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Makosa yakibaki kwenye sloti, tatizo ni ubao, na hapo ndipo nitaanza kukubaliana na yule aliyesema uiuze spea. Hili zoezi linachosha, ila ndilo linalokutofautisha na mtu anayenunua vitu kwa kubahatisha.

Joto nalipitia haraka. Mashine ikijizima pwaa bila skrini yoyote ya bluu, na chini inaunguza mapaja, na feni inalia kama pikipiki inapanda mlima, basi ni joto au ni chaja. Prosesa yako, kama ni ile i5-4300U ambayo 840 G1 nyingi za mtumba zinayo, mwisho wake ni nyuzi 100, ikifika huko inajipunguza kasi na ikizidi inajizima kujiokoa. Stationery ni mahali pabaya kwa feni, vumbi la karatasi za kopi na unga wa tona vinajisokota humo ndani vinakuwa kama kipande cha blanketi mbele ya tundu la hewa, nimewahi kukitoa kizima kizima na pinseti. Mwambie fundi asafishe feni na abadilishe ile pesti ya prosesa. Akipuliza kwa bloa aizuie feni na kijiti isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu bearingi zinakufa.

Sasa manunuzi. Kwa hali ulivyoieleza, hata kama HDD yako itafaulu vipimo vyote, mradi RAM nayo haikuonyesha makosa, mimi ningeweka SSD kwanza, na nitakuambia kwa nini. HDD ni sahani zinazozunguka, ya laptopu huwa mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kuna mkono unaokimbia huku na huku kutafuta data. Ikisoma kitu kimoja kirefu kama muvi inakwenda vizuri tu, kama MB 100 kwa sekunde. Lakini Windows ikiwa inawaka haisomi kitu kimoja kirefu, inasoma vipande vidogo maelfu vilivyotawanyika, na kwa kazi hiyo mkono ule haufikishi hata safari mia kwa sekunde. SSD haina mkono, inafanya kazi hiyohiyo makumi ya maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana ukifungua Task Manager unaona Disk 100% imekuwa nyekundu halafu ukisoma pembeni inasoma MB 2 tu kwa sekunde, unashangaa imeshiba na nini. Imeshiba safari.

Na RAM yako 4 inaizidishia HDD mzigo. Windows 10 ikiamka tu inakula karibu nusu, kazi ya kuchora picha kwenye skrini nayo inachukua fungu lake humohumo maana hiyo mashine mara nyingi haina memori ya picha ya peke yake, halafu Chrome inafungua tabo nane. RAM ikijaa Windows inahamishia vitu kwenye diski kwa muda. Ni kama kaunta yako ikijaa karatasi ukaanza kuzipeleka stoo na kuzirudisha kila mteja anapouliza, na stoo yenyewe ina mlango mbovu. Kwa hiyo SSD inakusaidia mara mbili, inaharakisha kusoma na inapunguza machungu ya RAM ndogo. RAM peke yake juu ya HDD inayokufa inakusaidia nusu.

Ya kununua ni SSD ya SATA (hiyo ndiyo aina ya kiunganishi cha diski yako) ya inchi 2.5, unene milimita 7, basi. Usikubali akuuzie ile nyembamba ya NVMe eti ndiyo ya kisasa, hiyo mashine haiitumii. Ndani kuna kinafasi kafupi ka M.2 cha milimita 42 kwenye baadhi yao, ila kinataka SSD fupi ya SATA ambayo ni adimu mtaani, achana nacho. GB 240 au 256 inakutosha, kazi za Word na PDF hazina uzito, ila kama hela inaruhusu 480 au 512 ni raha zaidi kwa sababu SSD ikikaribia kujaa inachoka, ni vizuri kuacha kama asilimia 15 hadi 20 wazi. Hayo majina makubwa kama Samsung 870 EVO, Crucial MX500 au Kingston A400 yote yanafaa kwa kazi yako, kuna tofauti kati yao lakini kwenye duka la kopi hutaiona. Kwenye boksi wataandika MB 500 na kitu kwa sekunde, huo ndio mwisho wa barabara ya SATA yenyewe, kwa hiyo mwenye 550 na mwenye 500 usigombane nao.

Angalia feki lakini. Ukiona SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 240, hiyo ni GB 64 au chini iliyodanganywa ijitambulishe kama TB 2, utaijaza kidogo kisha mafaili yanaanza kufunguka matupu. Dawa yake ni programu ndogo inaitwa H2testw, inaijaza SSD nzima kisha inasoma tena kuhakiki, inachukua muda lakini haidanganywi. Ukinunua mtumba, mwambie muuzaji aichomeke mbele yako ufungue ileile CrystalDiskInfo, uone asilimia ya afya na masaa iliyofanya kazi. Akikataa, ondoka.

RAM ndipo watu wengi wanapigwa kwenye hii mashine, soma taratibu. 840 G1 ni kizazi cha 4 cha Intel na inataka DDR3L ya volti 1.35. Kuna DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 ambayo kwa macho ni ileile, miguu ileile 204, inaingia kwenye sloti vizuri kabisa inabana tak, halafu ukiwasha skrini nyeusi na taa ya Caps Lock inapepesa. Mwaka fulani nilikaa na mashine ya mteja siku mbili nikidhani nimeua ubao, kumbe ni herufi moja. Herufi yenyewe ni L. Toa kijiti chako cha sasa usome stika, itakuwa imeandikwa kitu kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Hiyo L baada ya PC3 ndiyo unayoitafuta, 12800 ndiyo spidi, maana yake 1600, na S ya mwisho inamaanisha ni fupi ya laptopu. Ikiandikwa PC3-12800S bila L, rudisha. Ikiandikwa PC4 hiyo ni DDR4, haiingii kabisa, usiilazimishe.

Kama una kijiti kimoja cha 4, nunua kingine cha 4 kinachofanana nacho iwe 8. Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa pamoja njia mbili, na kwa kuwa kuchora picha kwenye skrini kunakula RAM hiyohiyo utaona hata video zinatiririka vizuri zaidi. Ukitaka cha 8 inawezekana, mwisho wa mashine ni 16, yaani 8 mara mbili, ila hakikisha stika yake inasema 2Rx8 na chipu ni 16, nane kila upande. Kuna 8GB za 1Rx8 zenye chipu nane tu nene, hizo kizazi cha 4 hakizielewi. Muuzaji hatakuambia, pengine hajui.

Kisha kitu kimoja kidogo kinachosahaulika: nenda Settings, System, About, uangalie kama Windows yako ni biti 64. Kama ni biti 32, hata ukiweka RAM 8 inaona isiyofika 4. Haiongezwi kwa kubonyeza kitu, lazima upige Windows upya, na kwa bahati nzuri tunaenda kupiga upya hata hivyo.

Maana hapo kuna njia mbili, kunakili diski nzima kwenda SSD au kupiga Windows mpya. Kunakili ni kuzuri diski ikiwa nzima, kila programu inabaki mahali pake, programu ya Clonezilla inafanya bure. Kwako sishauri. Diski yenye sehemu mbovu inakwama katikati, na ikifanikiwa inakuletea mafaili ya Windows yaliyokwisha kuharibika kwenye SSD mpya, kisha unanipigia kusema SSD nayo inaleta skrini ya bluu. Halafu kuna ajali nyingine. Zamani nikiwa bado na haraka za ujana nilikuwa nanakili diski ya mwanafunzi aliyebakiza wiki kuwasilisha tasnifu, saa sita usiku, macho mazito, nikachagua SSD tupu kama chanzo na diski yake kama mwisho. Nikanakili utupu juu ya miaka mitatu ya mtu. Aliokolewa na kopi aliyokuwa ameituma kwa barua pepe, mimi sikuokolewa na kitu, hadi leo nikinakili diski naandika namba ya utambulisho (serial) ya kila diski kwenye karatasi kwanza.

Kwa hiyo piga mpya. Chukua fleshi ya GB 8, kwenye kompyuta ya jirani pakua kifaa cha kutengenezea Windows kutoka kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe. Kama Windows yako ya sasa ni halali na imewashwa, leseni yake imeshikamana na ubao, kubadilisha SSD na RAM hakuigusi, wakati wa kuweka ukiulizwa namba bonyeza sina, ikishaingia intaneti itajitambua. Zile za kuvunja leseni zinazosambazwa kwenye fleshi za mafundi ziache, dada, humo wateja wanaweka namba za NIDA na nywila zao za kuombea mikopo, ukiwa na mdudu anayesoma kibodi umewauza wote.

Kufungua ni rahisi, hii ni moja ya mashine ninazozipenda kwa hilo. Zima kabisa, toa chaja, geuza juu ya kitambaa, sukuma kile kitasa cha chini, mfuniko unateleza unatoka wote bila kugombana na skrubu kumi. Toa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Gusa kitu cha chuma kumwaga umeme wa mwilini, hasa kama sakafu ina zulia. Diski iko na skrubu chache na kifremu chake, hamisha kifremu ukifunge kwenye SSD, skrubu zisiachwe hata moja maana SSD inayocheza inalegeza kiunganishi na unarudi kwenye magonjwa yaleyale. RAM unaiingiza kwa mlalo, kama nyuzi 30 hivi, unaisukuma mpaka miguu ya dhahabu inakaribia kuzama yote, ndipo unaibonyeza chini na vile vibano viwili vinalia tak. Kikilia kimoja tu, haijakaa. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kuchelewa kidogo au ikajizima ikajiwasha, inaihesabu RAM, usiogope. Washa ukigonga F10 uingie BIOS, ile programu ya msingi ya mashine, uone imesoma 8192 MB, na hakikisha diski iko kwenye AHCI, namna yake ya kuongea na ubao. Ukiwa humo usishawishike kufanya apdeti ya BIOS, betri huna, umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi mashine inakuwa sahani ya kuwekea chapati.

Betri yenyewe isubiri lakini isisahaulike. Laptopu isiyo na betri ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kila umeme ukicheza ni kama umeichomoa ukutani, na nahisi ndicho kilichoiua HDD yako taratibu toka mwanzo. SSD haina mkono wa kukwaruza sahani, lakini nayo ikikatiwa umeme ikiandika inaweza kuharibu mafaili. Namba ya betri ya 840 G1 ni CM03XL, linganisha na iliyoandikwa kwenye ya kwako kabla ya kulipa. Ukiikuta ya zamani imevimba, itoe leo na usiitoboe.

Kuhusu Windows 10, nisikufiche, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mpango wao wa nyongeza ya usalama kwa watu binafsi unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za kizazi cha 8 na inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), yako ni kizazi cha 4, haimo. Watu wanailazimisha kwa mbinu na inakubali, ila hiyo hali haina ahadi, apdeti kubwa yoyote inaweza kukuacha barabarani. Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwenye mashine hii ikiwa na SSD na RAM 8 inakimbia vizuri mno, Chrome na Firefox zipo, fomu zote za mtandaoni zinajazwa kama kawaida, barua zinaandikwa kwa LibreOffice. Kinachosumbua ni mteja anayekuja na faili la Word lenye majedwali na fonti za ajabu, likifunguka linahama mistari, na kabla ya kuhamia hakikisha printa yako ya kopi ina draiva yake huko. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye fleshi bila kuiweka, jaribu siku ya Jumapili duka likiwa limepoa.

Hela yako sasa. Ya kwanza kabisa ni chombo cha bekapu, hata fleshi. Ya pili SSD. Ya tatu RAM ya 4. Usafi wa feni uombe ufanyike siku hiyohiyo mashine ikiwa wazi, fundi muungwana hatakudai sana. Betri ikibidi isubiri mwezi ujao. Bei zinabadilika na Kahama sio Kariakoo, kwa hiyo ukiona haitoshi vyote, kata RAM kwanza, usikate SSD, na bekapu usiikate kabisa. HDD ya zamani, kama ile mistari mitatu ilikuwa sufuri, nunua kasha la USB iwe ya kuwekea muvi. Kama haikuwa sufuri usimpe mtu wala usiiuze, ina vitambulisho vya wateja.

Ila usitoe hata shilingi ya SSD kabla hujafungua CrystalDiskInfo. Piga picha ya kile kidirisha chote unitumie, pamoja na picha ya stika ya RAM na matokeo ya MemTest86 ya usiku mmoja. Maana ikiwa 05, C5 na C6 zote ni sufuri na MemTest imejaa mistari myekundu, mtuhumiwa wangu atakuwa ameponyoka, na RAM ndiyo itatangulia dukani.